Kutafuta Kwetu

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na watoto na wajukuu wote, hata huyo aliyezaliwa juzi ambaye sijamtia machoni. Hujambo lakini? Goti linasemaje? Wifi aliniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kuhesabu kama mtoto wa chekechea, na ukifika juu unasahau ulichofuata. Nimecheka, kisha nikakuombea. Mimi kwa upande wa mwili ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu. Presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, nimeshaizoea kama mtu anavyozoea mke mwenza.

Upande wa moyo ndio ulioniketisha kuandika. Tafadhali keti na wewe. Mwambie wifi akupe miwani, na usimpe mtu mwingine akusomee. Barua hii nataka uisome kwa macho yako mwenyewe.

Barua yako ya mwisho niliipata miezi minane iliyopita. Uliniomba jambo moja tu. Uliandika, “Karani, nitafutie namba ya kaburi la Chiriku. Vijiti vilikuwa hamsini na saba, kimoja ni chake. Nisije nikafa sijui alikolazwa.” Nikakujibu kwamba kazi ya bweni imenibana, wasichana ni sitini na wawili na mlezi ni mimi peke yangu, hebu tungoje likizo. Likizo ikaja, nikasema nina mafua. Ikaja ya pili, ndipo nikaenda. Mafua sikuwa nayo, Kaka. Nilikuwa na hofu, na nitakueleza hofu ya nini kabla sijamaliza ukurasa wa mwisho. Nivumilie, maana nikianza na mwisho kalamu itanidondoka.

Nianze na tunayoyajua sote, ili unayoyajua wewe na ninayoyajua mimi yawekwe meza moja.

Baba alipofariki wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukaenda mji mwingine kujifunza ufundi bomba. Nyumbani tukabaki watatu: mama, mimi wa miaka tisa, na Chiriku wa miaka minne. Mama hakujua kusoma, basi kila karatasi iliyoingia nyumbani ilipita kwangu, na ndiyo sababu ukanibandika hilo jina la Karani. Chiriku jina lake la ukweli nusu ya mtaa hawakulijua, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Alijibu hata maswali ambayo hakuulizwa. Alipokosa mtu wa kuongea naye aliongea na ndoo. Ile kubwa aliiita Bwana Mkubwa, ile yenye tundu akaiita Mgonjwa, akawa anaipa pole kila asubuhi.

Kisha ndui ikaingia mtaani. Waliougua walibebwa na gari la Bwana Afya kupelekwa karantini, na hatukuwahi kumwona hata mmoja aliyerudi. Chiriku alipotokwa na vipele, mama alimficha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, akamwambia, “Nyamaza, mwanangu. Ukisema tu, wanakuja kukuchukua.” Na Chiriku, ambaye hata tonge la samli lisingemfunga mdomo, akanyamaza. Siku tatu nzima nilipita mlango wa stoo sikusikia hata kunong’ona. Ukimya ule, Kaka, ndio niliouogopa kuliko vipele.

Siku ya nne mama alikwenda bombani. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta gari limeshaondoka na stoo iko wazi.

Unajua aliyelaumiwa. Mama Cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye siku moja kabla aliuliza kwa nini chiriku wetu haimbi. Mama akasema ndiye aliyepeleka habari. Tangu siku ile akatukataza salamu yake. Tulipita mbele ya dirisha lake tukitazama chini, na mashine yake ilikuwa inasimama tukipita, halafu inaendelea.

Mama alikwenda kambini mara mbili, akarudishwa langoni. Aliambiwa hakuna kuingia, arudi nyumbani, ataarifiwa kwa barua. Ndipo alipoanza kungoja barua. Kila Ijumaa alilifua gauni la njano la Chiriku, akalianika, akalikunja na kuliweka kwenye kiti cha mlangoni. Kila akirudi kutoka mahali alikuwa ananiuliza, kabla hata hajatua mzigo, “Karani, hakuna barua?” Nami namjibu hakuna.

Mwisho wa mwaka ukaja wewe. Ukaenda kwa miguu mpaka huko, ukakuta kambi imeshafungwa, mahema yamechomwa, na kando ya majivu kuna safu ya matuta yenye vijiti vya namba bila jina. Ukarudi ukamwambia mama kwamba yamekwisha. Hukuwa na kosa. Mtu mzima yeyote angeamini alichokiona. Lakini unakumbuka siku mama anakata roho, miaka ishirini baadaye? Alikushika mkono wewe, akanitazama mimi, akauliza kama barua imefika. Wewe ukasema ni homa. Mimi nikatoka nje.

Basi, turudi kwenye safari.

Jengo la nyaraka za serikali lina orofa nne, na ngazi zake zingekuua. Pale mlangoni nilitoa kitambulisho, nikajaza fomu, nikaacha mkoba na kalamu ya wino kabatini. Ndani ni penseli tu. Mkuu wa chumba cha kusomea ni mwanamke wa makamo yetu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na anazo penseli fupi fupi ndani ya kopo ambazo anazihesabu asubuhi na jioni. Wasomaji wanamwita Bibi Penseli, naye anajua. Nilipomwambia ninatafuta mtoto aliyefia karantini, alinisukumia fomu nyingine. Nikalalamika kwamba mlangoni nimeshajaza. Akasema ile ilikuwa ya kuingia, hii ni ya kutafuta, na hapa hata malaika wa Mungu akija atajaza. Nilicheka, nikaomba msamaha kimoyomoyo.

Siku ya kwanza nilipekua kadi za Idara ya Afya, droo kwa droo. Ndui ilikuwepo, chanjo ilikuwepo, hata barua za kulalamikia panya zilikuwepo, lakini kambi yetu haikuwepo. Siku ya pili vilevile. Mzee mmoja wa meza ya jirani, anayetafuta mpaka wa shamba la babu yake, alinifariji kwamba yeye alipoanza kuja pale alikuwa na nywele. Nikaanza kufurahi, Kaka. Nakiri mbele ya Mungu kwamba nilifurahi. Nikasema nitakuandikia kwamba karatasi zimepotea, na mambo yaishe.

Siku ya tatu Bibi Penseli akaja mwenyewe mezani kwangu. Aliniuliza kama kambi ile ilikuwa ya nyumba au ya mahema. Nikasema mahema. Akaniuliza mahema yalipochomwa, mablanketi yalikwenda wapi? Mimi nitajuaje? Akasema kambi ikifungwa, mali iliyobaki inarudi Idara ya Majengo, na karatasi zinafuata mali. “Mama,” akaniambia, “serikali hupotewa na mtu, lakini blanketi hailiachi. Blanketi lina namba.” Akashuka stoo ya chini. Alirudi na sanduku lenye vumbi la kutosha kupanda mbegu, limeandikwa juu: Mahema, Mablanketi na Ndoo, Kambi ya Karantini.

Nililitaja jina la Mungu, nikalifungua.

Ndani kulikuwa na faili moja nene. Mwanzoni ni orodha za mablanketi kama alivyosema. Zikafuata kurasa za mazishi, zina namba ya kijiti, umri na mahali mtu alipotoka. Nilizisoma na rula chini ya kila mstari ili jicho lisiruke, jinsi ninavyowahesabu wasichana wangu kwenye mstari wa asubuhi. Moja mpaka hamsini na saba. Watoto walikuwa tisa, wa kiume watano na wa kike wanne. Kati ya hao wa kike wawili walikuwa wachanga, mmoja wa miaka kumi, mmoja wa miaka saba aliyetoka ng’ambo ya mto.

Nikarudia mara mbili, mara tatu.

Kaka, Chiriku hakuzikwa pale. Vile vijiti ulivyovililia miaka yote hii, hakuna hata kimoja kilichokuwa chake.

 Nilishika rula nikaendelea kufunua. Nyuma ya mazishi kulikuwa na daftari la wagonjwa, na hapo nilimkuta. Mgonjwa namba 143, mtoto wa kike, miaka minne takriban, mtaa wetu, nyumba yetu, jina la mama. Kila wiki kuna mstari wa hali yake: homa kali, homa imepungua, vipele vinakauka. Na mwisho wa kila mstari, kwa mwandiko uleule mdogo, neno moja: hasemi. Wiki ya kwanza, hasemi. Wiki ya pili, hasemi. Wiki ya sita wameandika, amepona, anakula vizuri, hasemi.

Niliufumba mdomo wangu kwa kiganja. Nilimwona nyuma ya magunia, anatimiza alichoagizwa na mama yake.

Machozi yakanitoka. Bibi Penseli akafika mbio, akalivuta faili kabla halijalowa. Akasema machozi yana chumvi, yanakula karatasi, na karatasi hii imeshavumilia mengi. Halafu akanipa leso yake mwenyewe, akasimama pale mpaka nikatulia. Watu wa aina hiyo, Kaka, Mungu anawaficha ndani ya ukali.

Siku ya nne nikasoma barua. Kuna barua ya dobi wa kambi, mwanamke, imeandikwa na karani na yeye ametia dole gumba. Anamwomba daktari ruhusa ya kumchukua mtoto namba 143, kwa kuwa muda wa ndugu kufika umepita na kambi inafungwa. Anasema yeye hana mtoto. Anasema, naweka hapa kama nilivyonakili: “Mtoto huyu hazungumzi na watu, lakini akiwa peke yake pale ninapofulia namsikia anazungumza na ndoo zangu, na moja anaipa pole.” Pembeni daktari ametia saini, amekubali.

Huyo ni Chiriku wetu. Hata ningekuwa sina macho ningemjua.

Chini ya barua hiyo palikuwa na nakala ya kaboni, karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Imeelekezwa kwa mama. Naiweka hapa yote, haina mistari mingi.

“Unaarifiwa kwamba mtoto wako wa kike, mgonjwa namba 143, amepona na hawezi tena kuambukiza. Fika kambini wewe au mtu mzima wa familia ndani ya siku kumi na nne umchukue. Njoo na nguo, kwa kuwa zake zilichomwa. Njoo na barua hii. Usipofika, kambi itafanya mpango mwingine juu ya mtoto.”

Pameandikwa kwa penseli ya bluu kwamba barua ilipelekwa na tarishi, ikapokelewa nyumbani kwa mgonjwa.

Sasa utaniuliza, Kaka, ikapokelewa na nani? Najua umeshaanza kuhisi. Umenilea wewe, unanijua nikianza kuzunguka.

Ilipokelewa na mimi.

Ngoja nilitoe lote kwa pumzi moja. Siku Bwana Afya alipokuja, nilikuwa nimekaa kizingitini. Alikuwa mtu mpole, ana daftari lenye mhuri mwekundu kwenye jalada. Aliniuliza kama kuna mgonjwa ndani. Wiki ileile mwalimu wa dini alikuwa ametufundisha kwamba ulimi wa mwongo unachomwa kabla ya mwili wake. Tena nilikuwa nimekaa siku tatu na ule ukimya wa stoo, nikidhani Chiriku anakufa mle ndani na mimi peke yangu ndiye ninayejua. Sikufungua mdomo. Nilinyoosha kidole. Kidole hikihiki ninachobania kalamu.

Mama alipoanza kumlaani Mama Cherehani nilitaka kusema, Mungu wangu ni shahidi, lakini kila nilipojaribu laana ilikuwa kubwa kuliko jana, na mimi mdogo kuliko jana. Nikanyamaza. Wiki zikapita. Siku moja tarishi akaja, mama yuko bombani tena. Akaniuliza kama ninajua kusoma, nikajibu kwa majivuno kwamba najua, akanipa bahasha ndefu ya kaki, akasema nimsomee mama. Nikaigeuza. Ilikuwa na mhuri mwekundu, uleule wa kwenye daftari la Bwana Afya.

Nilijua, au nilidhani ninajua, kilichomo. Niliamini wameandika jina la aliyewaonyesha. Niliamini mimi Karani nitasimama mbele ya mama nimsomee kwa sauti kwamba ni mimi. Sikuifungua, Kaka. Laiti ningeifungua tu. Niliitumbukiza chooni, nikasimama juu ya shimo nikasikiliza mpaka ikafika chini. Mama aliporudi akauliza, “Karani, hakuna barua?” Nikasema hakuna.

Barua ile haikunitaja hata mahali pamoja. Miaka arobaini na mitano nimeikimbia barua iliyokuwa inasema njoo na nguo.

Aliyenitaja ni Bwana Afya, kwenye ripoti yake, ukurasa wa nyuma wa faili lilelile: “Tumeonyeshwa na mtoto wa nyumba hiyo, wa kike, miaka tisa hivi.” Ndiyo hofu iliyonifanya niugue mafua ya uongo. Chiriku aliambiwa asiseme, hakusema. Aliyesema ni mimi.

Na Mama Cherehani alijua. Alipokuwa anaugua, mama ameshatutangulia, nilikwenda kwake kwa kujiiba nikampelekea dawa. Nilipiga magoti nikaanza kujikanyaga maneno. Akanizuia. Akasema dirisha lake lilikuwa linatazama kizingiti chetu, alikiona kidole changu kama anavyoona sindano. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema, “Ningejitetea kwa kumvunja mtoto wa miaka tisa? Mimi kazi yangu ni kushona, nikaushona mdomo wangu.” Alikufa mwezi uleule. Nilikuwa miongoni mwa walioosha mwili wake, na wewe uliniandikia kunisifu kwa kumsamehe adui. Barua yako hiyo ninayo mpaka leo. Nimeshindwa kuitupa na nimeshindwa kuisoma tena.

Ningependa kukomea hapa, lakini kuna jambo moja limebaki, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote.

Kule nyaraka, ndani ya jalada la nyuma la kila faili imebandikwa karatasi ya mistari. Unaporudisha faili unaandika tarehe, jina lako na sababu ya kulisoma, na safu ya mwisho inauliza kama umepata ulichotafuta. Siku ya nne nilipomaliza nikafungua nyuma ili nijaze. Nilidhani nitakuta karatasi tupu, maana nani atahangaika na mablanketi ya zamani? Ilikuwa na mstari mmoja. Tarehe ni ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Jina ni la mwanamke, jina nisilolijua, na jina la pili ni la yule dobi. Kwenye sababu ameandika: Kutafuta kwetu. Kwenye safu ya mwisho ameandika: Nimepata.

Nilimwita Bibi Penseli kwa kidole. Akauinamia mstari ule, akavaa miwani, akavua. Akasema anamkumbuka, kwa sababu alimsumbua. Mwanamke wa makovu ya ndui usoni, mcheshi, aliyeingia akiongea tangu mlangoni mpaka mezani, akaongea na mlinzi, akaongea na kabati lililokwama, mpaka wasomaji wakamlalamikia. Mama yake mlezi alikuwa amefariki, akiwa amemwachia jina la kambi tu. Akapewa sanduku. Bibi Penseli anasema alisoma asubuhi nzima, na kabla ya adhuhuri alilirudisha faili, akasaini, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuaga. Hakusema hata neno moja. Bibi Penseli alidhani ameudhiwa na wale waliomlalamikia, ikamuuma siku nyingi.

Mimi najua alichokisoma. Alisoma kwamba dada yake ndiye aliyemwonyesha. Alisoma kwamba mama yake aliandikiwa, kwamba barua ilipokelewa, na kwamba siku kumi na nne zilipita hakuna mtu aliyekuja. Alikuwa anatafuta kwetu, akakuta kwetu hawakumtaka. Gauni la kwenye kiti halimo katika faili lile. Ijumaa za mama hazimo. Safari yako ya miguu haimo. Serikali imeandika mablanketi yote, mama hakuandikwa.

Tangu siku hiyo, nikihesabu wasichana kwenye mstari wa asubuhi napata sitini na watatu. Nahesabu tena, wako sitini na wawili. Sikumwambia mtu, nisije nikapewa likizo ya ugonjwa. Nakwambia wewe.

Nilimwomba Bibi Penseli anwani. Akakataa, akasema anwani ya msomaji haitolewi hata kwa mume wake. Lakini kanuni inaruhusu ofisi imtumie msomaji bahasha moja, kwa anwani aliyoiacha siku ile, kama bado ipo na kama bado yuko hai. Hakuahidi kitu. Nikarudi nilikofikia, nikaandika usiku kucha, nikachana mara nne. Mara ya tano nikaandika haya niliyokuandikia wewe, bila kupamba: kidole, tarishi, shimo. Nikamweleza gauni. Nikamweleza kwamba mama alikufa akiuliza barua. Sikumwomba msamaha, maana kumwomba ni kumtwisha mzigo mwingine. Nimemwachia Mungu na yeye.

Nilitaka kungoja kwanza ushauri wako, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Nisamehe, sikuweza. Kukaa na barua isiyofika kwa mwenyewe, hata siku moja, siwezi tena. Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua.

Na kuna kitu kingine. Unakumbuka mama alipofariki tuligawana vitu, wewe ukachukua patasi za baba, mimi nikasema sitaki kitu ila kile kiti cha mlangoni? Nilikichukua pamoja na gauni. Gauni limefifia, njano yake sasa ni rangi ya chai ya maziwa, lakini halina tundu hata moja. Nilikuwa nimesafiri nalo, nikidhani nitaliweka kaburini kwake. Nikalitoa mezani kwa Bibi Penseli karibu na barua, nikamwambia ile nakala ya kaboni inasema mtu aje na nguo.  Halafu akachukua bahasha kubwa ya kuwekea ramani, akalikunja kwa mikono yake, akasema kanuni inataja bahasha moja, haitaji ndani yake mna nini. Akagonga mhuri. Mwekundu, Kaka. Nikauangalia mpaka ukakauka, sikukimbia.

Kwenye ile karatasi nikajaza mstari chini ya wake. Sababu: Kutafuta mdogo wangu. Safu ya mwisho nimeiacha wazi, na Bibi Penseli, anayewafokea watu kwa kuacha safu wazi, hakunifokea.

Hizo ndizo habari. Ulinituma namba ya kaburi, nimekuletea mtu ambaye huenda yu hai, na nimekuondolea dada uliyedhani unamjua. Ukinikasirikia ni haki yako. Ukitaka kumwandikia Chiriku, andika kwa mkono wako, nitaipeleka mwenyewe hata kama ofisi itasema bahasha ilikuwa moja. Mwambie ulikwenda kwa miguu. Hilo asilikose.

Msalimie wifi, mwambie nimeipokea dawa ya presha. Wabusu wajukuu. Wa kike wenye mdomo mrefu usiwanyamazishe. Nawaombea nyote afya na umri, nami niombee, maana kiti nimekirudisha mlangoni na kila nikisikia hatua za mtu wa posta nauliza kama mama, hakuna barua?.

Nijibu upesi, Kaka, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Karani